Lango Lisilo na Mtu

Boti ilipoondoka Vreed-en-Hoop kuvuka mto Demerara, Omattie alikuwa amebanwa kati ya mlinzi aliyevaa sare na mama mwenye gambuti za tope. Hao wawili hawakujuana, lakini walishaanza kubishana.

"Mafuta yatatutoa, anti," mlinzi alisema. "Serikali imeanza na barabara na hoteli. Kilimo kitafuata."

"Kitafuata kikiwa kimezama? Sisi humu tumevalishwa maboya, mpunga wangu haukuvalishwa. Aliyekuwa akitufungulia lango la mfereji maji ya mto yakipwa, ya mvua yapate kutoka shambani, siku hizi anafungua geti la yadi ya mafuta."

"Kafuata mshahara. Wewe usingekwenda?"

"Ningekwenda mbio! Ila hao wapanga maendeleo wangeweka mtu mwingine kwanza."

Omattie aliona mlinzi akivuta miguu yake chini ya benchi. Viatu vyake viling'aa.

"Hata mimi nilikuwa na lango," mlinzi akasema taratibu. "Kule mashambani Canal."

"Sasa analo nani?"

"Walisema wataleta mtu."

Boti ikagusa gati la Stabroek, ng'ambo ya mto. Mama akazitazama nguzo, zilizolowa juu ya usawa wa maji.

"Yameanza kupwa," akasema.

Mlinzi akatazama saa, akamshika mama mkono kumshusha, kisha akakimbilia kazini.