Historia ya Fundi Wima, Aliyeugua kwa Muda Mrefu

Wapendwa mliokuja kumsindikiza, huyu mliyemwita Fundi Wima alizaliwa tarehe 9 Machi 1969, mtoto wa tatu wa baba seremala na mama mkunga, akamaliza shule ya msingi mwaka 1983, na hesabu zilipomshinda akajifunza ushonaji, kazi iliyomlisha maisha yake yote. Tarehe 12 Novemba 1994 alifunga ndoa na muuza vitambaa wa duka la jirani, wakajaliwa binti, na mtoto wa kiume ambaye naye ni fundi.

Kuhusu ugonjwa, wazee walitaka isomwe kwamba aliugua kwa muda mfupi, lakini dada yake mkubwa, huyu huyu anayewasomea, amekataa katakata, maana huo ni uongo, jamani, na mtu hazikwi na uongo. Mwaka 1997 alitoka jipu juu kidogo ya makalio, ndiyo, makalio, inamisheni nyuso mkitaka, nywele zikiwa zimezama ndani ya nyama, likapasuka, likafumba juu juu, likarudi, usaha ukawa hauishi, akainua cherehani juu ya matofali akashona amesimama, nanyi mkacheka mkampa jina, mkidhani ni madaha. Zahanati walilikamua, wakampa vidonge, wakasema jipu tu, naye kwa aibu akawa anashukuru na kuondoka, wala hakuna aliyekata kinyama kikapimwe. Jipu gani hilo la miaka ishirini na sita?

Kilipopimwa, Februari 2023, kumbe ni saratani, imeshafika kwenye tezi za kinena, na daktari bingwa akasema bila kuzunguka kwamba ingegunduliwa mapema huenda ingekatwa yote akapona, ila sasa hata ikikatwa itarudi, ikakatwa, ikarudi, na tarehe 2 Juni 2024 akafariki hospitalini, mkewe amemshika mkono.

Familia inamshukuru daktari huyo kwa kusema kweli, muuguzi aliyemsafisha kidonda bila kukunja uso, majirani, na mafundi wenzake waliofunga kazi leo. Zahanati hatuishukuru.

Na wewe mwanawe, uliyesimama hapo nyuma tangu asubuhi na viti vitupu tele, shangazi yako ana macho, na mkeo ameshasema kuhusu suruali unazofua kwa kujificha, kwa hiyo kesho tunakwenda wote hospitali, na hatutoki mpaka wapime.

Pumzika kwa amani, fundi, mwanao tunabaki naye.