Kalamu Nyekundu ya Mwalimu

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni, mlio dukani, na wewe uliye nyuma ya usukani, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mwalimu. Alistaafu darasa, lakini kalamu nyekundu hakuistaafu. Mwalimu alifariki mwezi uliopita, nyumbani kwake, watoto wake wote wakiwa karibu. Na mwanafunzi aliyesahihishwa kuliko wote ni mumewe.

Mumewe ni seremala. Mtaani anaitwa Babu Randa. Ni fundi hodari, na ni bingwa wa kutia chumvi. Simsengenyi, jamani. Yuko hai, ananisikiliza sasa hivi, na ruhusa amenipa mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, kanisa lao lilitafuta wazee wa kwenda nchi ya mbali, kutumika huko kama wamisionari kwa miaka miwili. Kazi yenyewe ni kutembelea wagonjwa, kufundisha watu wazima kusoma, na kutengeneza chochote kilichovunjika. Wenzao wa umri ule wanatafuta kiti chenye mto. Hawa wawili wakatafuta masanduku.

Wana watoto watatu. Wawili walipiga makofi. Wa tatu, kitinda mimba wao, ni msusi, na wakati ule alikuwa na mimba yake ya kwanza. Aliwaambia wazazi wake, "Mnakwenda kuhudumia watoto wa watu. Mimi mnaniachia nani?"

Babu Randa akasema, "Mwanangu, tutaandika."

"Andikeni. Sitasoma, na sitajibu."

Lishikeni hilo, wasikilizaji. Hatasoma, na hatajibu. Mwalimu alipanda ndege na maneno hayo kifuani.

Huko ugenini walipewa vyumba viwili, ghorofa ya tatu, juu ya duka la kufulia nguo. Mashine zikizunguka chini, vikombe vinagongana juu. Kila wiki waliandika barua moja kwa familia nzima. Babu aliandika. Mwalimu alisahihisha pembeni kwa wino mwekundu, kisha akatoa maksi. Babu hakuwahi kuvuka saba.

Sikilizeni hii. Babu anaandika: "Nyumba hii ina maajabu. Meza inatembea yenyewe kutoka dirishani mpaka mlangoni." Pembeni, wino mwekundu: "Haitembei. Inatetemeka. Mguu mmoja ni mfupi, na aliyeukata ni yeye. Sita kwa kumi."

Halafu kuna habari ya mlango. Kanisa dogo walilohudumia lilikuwa na mlango unaolia kweli kweli. Seremala na mlango unaolia hawakai nyumba moja. Jumamosi Babu akaupiga randa, akatia mafuta bawaba, ukawa kimya kabisa. Jumapili waumini wakaingia, wakakaa, wakangoja. Mpiga kinanda alikuwa mama mmoja asiyeona, naye mikono imetulia mapajani. Kanisani mle haanzi mtu kabla ya kinanda. Wakangoja, wakangoja, mpaka mtoto mmoja akacheka. Yule mama akageuka: "Kumbe mpo?"

Kumbe miaka yote alikuwa anausikiliza mlango. Ukilia, watu wanaingia. Ukitulia, wameshafika, anaanza wimbo. Siku ile alidhani kanisa ni tupu.

Jumatatu Babu alirudi na vifaa vyake kuutafuta ule mlio. Anasema, "Mimi nilifundishwa kuunyamazisha mlango. Kuufanya ulie, hakuna aliyenifundisha." Lakini kwenye barua aliandika kwamba waumini wamemshukuru sana kwa mlango. Mwalimu pembeni: "Hakushukuru mtu. Nne kwa kumi."

Barua hizi zilisomwa kila Jumapili nyumbani kwa kaka mkubwa, dereva wa lori mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Kitinda mimba alikuja, lakini sebuleni hakuketi. Alikwenda jikoni kuosha vyombo. Na kaka akianza kusoma, bomba linafungwa. Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika.

Kaka anacheka akilikumbuka hilo. "Vyombo vyenyewe mke wangu alishaviosha. Dada alikuwa anaosha sahani safi! Nikamwandikia Mama." Tangu hapo kila barua ilimalizika kwa wino mwekundu: "Salamu kwa anayeosha sahani safi." Jibu hakuna.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Baada ya wiki chache, kule ghorofa ya tatu, ikafika bahasha yenye mwandiko wa msusi. Mwenyewe ameniruhusu kuisoma.

"Mama, nimejifungua. Wifi alinishika mkono. Ulikuwa mkono mzuri, lakini haukuwa wako. Nilikuita mpaka mkunga akauliza mama yangu yuko wapi. Nikamwambia anafundisha watu wazima a, e, i, o, u. Nimekukasirikia, Mama. Na nimekukumbuka mpaka nashindwa kukukasirikia vizuri."

Babu anasema Mwalimu aliisoma amesimama dirishani. Kisha akaketi mezani, akachukua kalamu nyekundu. "Nikamwambia, mke wangu, hiyo si ya kusahihisha. Akanitazama tu."

Barua ilirudi kwa mwenyewe, karatasi ile ile. Haikuguswa hata nukta. Chini palikuwa na wino mwekundu: "Kumi kwa kumi. Yote ni kweli. Nisamehe, mwanangu. Mjukuu wangu amefanana na nani? Usimwandikie baba yako kabla yangu, atatia chumvi."

Kumi, wasikilizaji! Babu mpaka leo ana wivu. "Mimi nilidhani Mwalimu namba hiyo hanayo."

Jumapili iliyofuata msusi alikaa sebuleni, mtoto mapajani. Tangu siku hiyo akaandika kila wiki, mpaka wazee waliporudi. Mjukuu alipoziona ndevu za Babu, alikimbilia sketi ya bibi yake, na hapo ndipo alipokulia.

Mwezi uliopita, siku ya mazishi, Babu Randa alisimama mbele ya watu. Akasema, "Mimi na Mwalimu hatukugombana hata siku moja."

Watu wakainama. Babu akageuka upande wake wa kushoto, upande aliozoea kukaa Mwalimu. Akangoja. Hakuna aliyemsahihisha.

Ikasikika sauti ya msusi, imejaa machozi: "Baba. Tatu kwa kumi."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Babu akafuta macho. "Haya. Tuligombana. Tuligombana sana. Na kila tulipogombana nilitembea mpaka mwisho wa mtaa, nikarudi, kwa sababu sikuwa na pengine ninapopataka."

"Hiyo sasa, Baba," msusi akasema. "Kumi."

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole Babu Randa, watoto na wajukuu. Mungu amlaze Mwalimu mahali pema. Nasi tuliobaki tujiulize: yuko nani jikoni kwetu anayeosha sahani safi? Tumpelekee salamu leo, angali anasikia.

Na wewe, Babu, kama nimetia chumvi mahali, kalamu anayo binti yako.