Matabisi ya Papa Bavon

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na miwili katika duka letu la magari hapa Kisangani, Papa Bavon Lokangu alistaafu. Mimi Nathalie, keshia wa duka, nimeombwa niandike wasifu wake. Niwieni radhi nikipotoka, maana alichotufanyia siku hiyo bado hakijaniingia akilini.

Aliajiriwa mwaka 2003 kuuza pikipiki, akapanda hadi kuwa mkuu wa mauzo. Hakupunguza bei hata faranga moja. Mteja alie, acheke, alete mchungaji, Papa alimenya karanga zake tu na kusema, “Beyi iko beyi. Tuongee matabisi.” Matabisi ni ile nyongeza ambayo kwetu mnunuzi hatoki dukani bila kupewa, na hapo Papa hakuwa bahili. Ila ilikuwa moja tu. Mfanyabiashara mmoja wa Banalia alikuja na wajomba tisa, wakabishana naye tangu asubuhi hadi alasiri. Walilipa bei nzima, wakaondoka na turubai moja la matabisi, tena wakiimba.

Lydie, muuzaji mwenzetu, alifundishwa kazi na Papa. Kwa miaka sita alipewa mikataba ya miezi mitatu mitatu, na wa mwisho uliisha siku ileile ya kustaafu kwa Papa. Mkurugenzi alikwisha kusema hautaongezwa. Lydie alikuwa ameshafunga kikombe chake kwenye mfuko. Iliniuma sana, na nikanyamaza kama wengine.

Mchana huo Papa alizunguka meza yake akakaa kwenye kiti cha mteja. Yeye na mdogo wake Zakaria wa Yanonge walitaka pikapu mpya ya kubebea samaki. Kwa desturi yetu, mstaafu hupunguziwa sehemu ya kumi ya bei. Tulijazana kutazama, mwosha huoshwa!

Papa akakataa punguzo. Hamkusoma vibaya: alikataa! Zakaria alishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha Papa akamgeukia Mkurugenzi: “Bon. Nalipa beyi yote. Matabisi yangu ni contrat ya Lydie, mkataba wa kudumu. Tia sahihi, nilipe.”

Mkurugenzi aliitazama ile pikapu iliyokaa miezi minane bila mnunuzi, akatia sahihi. Lydie alilia waziwazi, na mimi sikubaki nyuma.

Lakini mazoea yana taabu. Papa alipokabidhiwa ufunguo, akaomba na tangi lijazwe mafuta. Lydie akafuta machozi, akachukua karanga moja ya Papa, akaimenya taratibu. “Papa, matabisi iko moja.”

Asante, Papa Bavon, kwa kazi yako na kwa aibu uliyotuachia sisi tulionyamaza. Afya njema, samaki wengi, na barabara isiyo na matope. Na kwa kuwa mwanafunzi wako hakulegea, tumekuchangia lita ishirini. Zitakufikisha nyumbani kwako Kabondo, na zitakazobaki uje nazo kumsalimia Lydie kwenye kiti ulichomwachia.