Shangazi na Sahani ya Sita

Leo, tarehe 30 Septemba, msomaji prufu wetu mkuu, msaka makosa kabla kitabu hakijachapwa, anaweka chini kalamu yake nyekundu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika nyumba hii ya uchapishaji. Sote tunamwita Shangazi, akiwemo Meneja, ambaye ni rika lake kabisa na hajawahi kueleza undugu huo ulianzia wapi. Kipeperushi hiki ndiyo karatasi ya kwanza kutoka kwenye jengo hili bila kupita mezani kwake. Aliomba akione, tukamkatalia katakata. Makosa yote yaliyomo ni yetu, na tunajua atakuwa ameshayaona kabla hajaketi.

Alianzia chini, chumba cha kufunga vitabu, akikunja karatasi na kuzipanga. Mwezi wake wa nane kazini alipanda ngazi na karatasi moja mkononi, kumweleza mhariri wa wakati ule kwamba katika kitabu cha jiografia tumeufanya mto upande mlima. Mhariri alifoka, akaitazama ramani ya kitabuni, kisha akaenda kumtafutia kiti. Ndicho kiti anachokiacha leo, ingawa miguu yake imebadilishwa mara mbili.

Jicho lake halijui likizo. Binti yake alipomletea kadi ya mwaliko wa harusi ili afurahie maua yake, alirudishiwa ikiwa na alama nne nyekundu. Mumewe, fundi saa mpole asiye na makuu, anasema barua zake za uchumba zilirudi zimesahihishwa, akaona heri awe anakwenda kujieleza mwenyewe kwa mdomo. Miaka yote hiyo ya ndoa, anaapa hajawahi kumwandikia tena hata orodha ya vitu vya sokoni.

Lakini ukitaka kumjua Shangazi vizuri, lazima usikie habari za kisiwa.

Miaka tisa iliyopita muuguzi mmoja wa wodi ya wazazi alituletea riwaya yake ya kwanza. Ilikuwa ile hadithi ya zamani ya wageni wanaokwama kisiwani na kuuawa mmoja baada ya mwingine, ila yeye aliisimulia upya kwa zama zetu: wageni wanane wanaalikwa kwa ujumbe wa simu kwenye hoteli mpya, dhoruba inaangusha mnara wa mtandao, na simu zao za bei mbaya zinageuka tochi tu. Aliiandika kwa miaka sita, kati ya zamu na zamu. Uzinduzi ulipangwa Jumamosi kwenye maktaba, na alikuwa amewaalika wauguzi wenzake wote, madaktari na mama yake mzazi.

Shangazi alichora ramani ya hoteli nyuma ya kalenda, akaibandika ukutani, na kila mgeni akampa kizibo cha soda. Mtu akifa, kizibo kinaondoka. Basi ofisi nzima ikawa inaanzia kazi chumbani kwake, kuangalia nani hakuamka. Dereva wetu alimpenda sana rubani wa kwenye hadithi; siku kizibo cha rubani kilipoondolewa, alikataa chai.

Ana desturi moja ambayo hakuna aliyeweza kumwachisha. Sura ya mwisho hataki kuiona mpaka amalize nyingine zote. Mimi, mpanga kurasa wake, ndiye ninayeitia kwenye bahasha na kuifungia mezani kwangu. Anasema anayejua mwisho husamehe makosa ya katikati. Kwa ajili ya haraka ya Jumamosi, sura zilizotangulia zilishuka mtamboni huku bahasha yangu ikiwa bado imefungwa.

Katika ukurasa wa 112 walikuwa wamebaki watu watano. Vizibo vitano. Mezani, mwandishi alikuwa ameweka sahani sita. Shangazi alikata sita, akaandika tano. Kwa kawaida humuuliza mwandishi, lakini aliona si vyema kumsumbua muuguzi aliye zamu kwa ajili ya sahani moja.

Jumatano asubuhi alifungua bahasha. Nilikuwa meza ya pili nikimtazama, maana napenda uso wake anapomjua muuaji. Safari hii rangi ilimtoka. Mpelelezi wa kwenye riwaya alikuwa amesimama mbele ya manusura akiwauliza ni nani aliyeandaa sahani sita usiku ule. Aliyeandaa alikuwa anamlisha kwa siri mtu wa sita aliyejificha chumba cha pampu, na mkono ukamsaliti kwa mazoea. Sitamtaja. Ila kesi nzima, sura ishirini na mbili, ilisimama juu ya sahani ile, na sisi tulikuwa tumeshaiondoa mezani.

“Nimekiua kitabu cha mtoto wa watu,” alisema.

Mwanamke huyu hajawahi kuharakisha hata kwa king'ora cha moto. Siku hiyo alishuka ngazi na kiatu kimoja. Fundi mitambo alikuwa ameziba masikio, hasikii kitu, na karatasi yenye ukurasa wa 112 ilikuwa inatoka kwa kasi. Shangazi akabonyeza mwenyewe kitufe chekundu, ambacho hakuna anayeruhusiwa kukigusa isipokuwa fundi. Mtambo ulisimama.

Meneja alishuka, akasimuliwa, akauliza ni mkono wa nani ulioiondoa sahani. Nilishafungua mdomo kusema herufi ziliniteleza kwenye kompyuta, na angeamini, kwa sababu huwa zinaniteleza. Shangazi akanitangulia. Alisema ni mkono wake, kalamu yake na kiburi chake, na akaomba simu ampigie muuguzi kabla ya mtu mwingine yeyote. Alieleza yote bila kujitetea. Nasi tukasubiri muuguzi atufokee.

Badala yake kikatoka kicheko kikubwa mpaka fundi akakisikia kutoka mbali. Kumbe kwa miaka sita hofu yake kubwa ilikuwa kwamba sahani ile ni wazi mno, kila msomaji ataikamata. Kama Shangazi mwenyewe ameidhania kosa tu, alisema, sasa anaweza kulala.

Tulikunja mikono ya mashati, tukairudisha sahani ya sita mezani na kuuchapa upya ukurasa wa 112. Meneja alivua tai na kukunja karatasi pamoja nasi, na zake ndizo zilizokuwa zimepinda kuliko zote. Ijumaa saa tisa kitabu cha mwisho kilifungwa, na Jumamosi mama yake muuguzi alikipokea akalia mbele za watu. Tangu hapo tuna Sheria ya Sahani: hakuna namba inayobadilishwa bila kumuuliza mwandishi. Shangazi ndiye aliyeiandika na kuitia sahihi.

Kitabu kimeshachapishwa mara tano. Wasomaji makini hawajaacha kutuandikia, wengine kwa hasira, kwamba ukurasa wa 112 una kosa la aibu: watu watano, sahani sita. Mpaka mwezi uliopita barua hizo zilikuwa arobaini na tatu, na Shangazi amezijibu zote kwa mkono: “Asante kwa jicho lako. Tafadhali endelea kusoma.”

Shangazi, tunakushukuru kwa kila ukurasa, na zaidi kwa ile Jumatano. Tulijifunza kwako kwamba mtu anaweza kukosea mbele ya wenzake wote na akazidi kupendwa. Tutakukosa sana, hatufichi. Barua ya arobaini na nne imefika juzi, kutoka kwa mwalimu mkuu mstaafu aliyekasirika kwelikweli. Tulijaribu kuijibu sisi, kila mtu akashika kalamu akaiweka chini. Imo ndani ya zawadi yako, na stempu yake tayari. Ijibu nyumbani kwako, polepole, ukiwa na afya, na mzee wako, na raha zote tunazokuombea.