Zablon Luhende wa Tabora, Si wa Bagamoyo

Baba Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Kitete na wageni mliotoka Igalula na Nzega, kabla shangazi wa marehemu, Recheli Luhende, huyu aliyesimama mbele yenu, hajawasomea historia hii kwa niaba ya familia, anaomba kila mmoja wenu aape kimoyomoyo kwamba neno atakalolisikia hapa halitavuka uzio huu, asimwambie mkewe, asimwambie hata bodaboda wa kumrudisha nyumbani. Mmeapa? Haya, neno lenyewe ni kwamba simu ya marehemu haionekani tangu Jumatano, kuna mtu anaandika kwa jina lake kana kwamba yu hai, na mtu huyo tunaye hapa hapa chini ya turubai. Bi Tatu wa nyumba ya pili ameshaambiwa, lakini Bi Tatu ni sawa na familia, na wale aliowaambia yeye nao waliapa.

Tutafika huko, kwanza tuanze alikoanzia yeye.

Marehemu Zablon Luhende alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 kijijini Igalula, mtoto wa nne na wa mwisho wa Mzee Ezekia Luhende na Mama Elieth, ambao wote wametangulia, na alikuja kwa haraka zake, mkunga bado ananawa mikono, naye ameshatoka analia kama anayelalamikia jambo. Tangu utoto hakujua kukaa, akikalia kigoda anainuka kutazama kwa nini kinayumba, akila ugali anainuka kutazama kwa nini mlango unalia, na alikuwa hajaanza hata shule alipomwambia baba yake mdogo, Mzee Kashindye, mfanyakazi wa reli, mbele ya wageni waliokuja kuposa, kwamba saa yake mpya ya mkononi imechelewa, kwa sababu treni imeshapita na saa bado inaisubiri. Wageni walicheka, Mzee Kashindye hakucheka, na tangu siku ile wawili hao walikuwa wakikutana lazima wagombane, asipoanza huyu anaanza yule.

Alisoma Shule ya Msingi Igalula kuanzia mwaka 1992 hadi 1998, akaendelea na sekondari hapa mjini Tabora hadi mwaka 2004, kisha akaenda Mwanza kusomea kompyuta, akahitimu tarehe 21 Novemba 2008, na siku ya mahafali, wenzake wanapiga picha, yeye alikuwa nyuma ya spika anatafuta ule mvumo unatoka wapi.

Mwaka 2009 alirudi Tabora, akafungua duka karibu na soko kuu pamoja na rafiki yake Mustafa, yule pale langoni mwenye baraghashia, Mustafa akitengeneza simu na Zablon akiandika programu, zikiwemo za wafugaji wa nyuki kupimia asali yao na za wakulima wa tumbaku. Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote haikuwa na mshahara, nayo ni kuripoti kasoro katika kijiwe kimoja cha mtandaoni, mahali ambapo waandishi wa programu wa dunia nzima hukutana, kuulizana na kubishana, kama wale wazee wa bao pale sokoni, isipokuwa hawaonani nyuso. Kijiwe chenyewe nacho ni programu, kinaumwa kama programu nyingine, leo kitufe hakibonyezeki, kesho picha ya mtu inatokea kichwa chini, na Zablon akiona kitu hicho hali wala hanywi mpaka ameandika. Kila taarifa aliianza na "Mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, akaeleza amebonyeza wapi, alitegemea nini na kimetokea nini, na watu wa mbali, ambao Tabora hawaijui hata kwa ramani, wakazoea kumwitikia.

Mzee Kashindye alimsema sana kwa hilo, alikuwa akipita dukani anasimama mlangoni na kumwambia, "Mwanaume mzima, una digrii, kazi yako kushitaki mashine kwa wenyewe," na Zablon anamjibu bila kuinua kichwa, "Baba mdogo, shikamoo, na hiyo saa yako bado imechelewa."

Tarehe 6 Oktoba 2012 marehemu alifunga ndoa na Julieth, binti wa Nzega, ambaye alijua anachokipata, maana siku ya kwanza alipotembelea kwao Zablon aliingia uvunguni mwa meza kutazama mguu mfupi, na mama mkwe akadhani kijana amezimia. Mungu aliwajalia watoto wawili, Shukrani, aliyezaliwa mwaka 2014, na Ezekia, aliyezaliwa mwaka 2018, na huyu Ezekia ndiye yule aliyemwambia Mchungaji asubuhi hii kwamba kamba ya turubai imefungwa vibaya, kwa hiyo msidhani jambo hili limekwisha.

Sasa tunafika kwenye kasoro yenyewe, na aliyeapa akumbuke kiapo chake. Mwaka jana Zablon alifungua ukurasa wake katika kijiwe kile, sehemu ya kuandika unakotoka akaandika Tabora, akahifadhi, akafungua tena, akakuta pameandikwa Bagamoyo. Akafuta, akaandika Tabora, Bagamoyo. Njia ile ya misafara waliyotembea babu zetu na pembe mabegani, wengine wasirudi, mashine ilimpitisha kwa kufumba na kufumbua, tena bila kumuuliza. Aliripoti, na msimamizi wa kijiwe akajibu, "Kwangu haitokei." Mustafa naye alijaribu kwenye ukurasa wake, ikatoka Tabora safi kabisa, maana kasoro hiyo ilimchagua Zablon peke yake, na hakuna mwingine wa kuithibitisha. Na sheria ya kijiwe ni kwamba taarifa ikikaa kimya, msimamizi anauliza kama kasoro bado ipo, mwenyewe ajaribu upya na kujibu, asipojibu taarifa inafungwa na hakuna atakayeishughulikia tena. Zablon alikuwa akijaribu na kuandika maneno mawili tu, "Bado ipo", na nyumbani hapa Julieth akimwuliza kama njaa imepungua, anajibiwa hivyo hivyo.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Agosti 2024, akatibiwa hapa hospitali ya Kitete, akapelekwa Dar es Salaam, akarudishwa Kitete mwezi Mei mwaka huu 2025, na mtu ambaye hakujua kukaa akalazimika kulala, jambo lililomwumiza kuliko sindano. Mikono ilipoanza kuvimba akashindwa kuandika, na aliyekuwa akishinda naye kitandani, msishangae, ni Mzee Kashindye, wakigombana mpaka wagonjwa wa jirani wakawa wanachukua upande. Siku moja shangazi alipeleka uji, akawakuta wameinamia simu kimya, wote wawili, na kimya kati ya watu hao kilimtisha, akauliza kuna nini, Mzee Kashindye akasema, "Tunatazama mpira." Mzee Kashindye, ambaye hajui hata timu ya mtaani kwake.

Zablon alifariki dunia Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono, na katika kilio hicho simu ikatoweka. Alhamisi Mustafa akawaandikia wale wa kijiweni kwamba mwenzao hayupo tena, nao wakamjibu kwa mshangao, mbona ameandika leo hii kwamba kasoro yake bado ipo, na Ijumaa yakaja tena maneno yale yale kwa jina lake. Walisema kama kweli amekufa watamtengenezea ukurasa wa kumbukumbu, na taarifa zake zote zitafungwa kwa kuwa hazina mwenyewe, na mfano wa ukurasa huo walimtumia Mustafa, una picha yake nzuri akicheka, na chini yake maneno "Kwaheri, Zablon Luhende wa Bagamoyo". Julieth aliposomewa hayo, yeye aliyekuwa amejikaza tangu Jumatano, alikaa chini pale jikoni na kusema, "Basi huku tutamzika Tabora, na kule watamzika Bagamoyo." Mzee Kashindye alikuwepo, akasimama, akapiga ukuta, akaapa kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba mwizi wa simu hiyo akimpata atamvunja vidole kimoja kimoja.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi wa Kitete na wa Dar es Salaam, waliovumilia maswali ya mgonjwa wetu kuhusu kila mashine aliyofungwa, kwa Mchungaji na kwaya, kwa majirani, hasa Bi Tatu aliyepika na kutunza siri kwa kadiri ya uwezo wake, kwa Mustafa, na kwa wenzake wa kijiweni ambao wametuma salamu zinazoanza na "Mwangaluka". Amebaki mtu mmoja wa kushukuriwa, na huyo mnatakiwa kumsikia kabla ya kumwona.

Marehemu, kwa kuwa alikulia kando ya reli, aliweka simu yake ilie honi ya treni kila kijiwe kikimwuliza jambo. Mustafa, muulize sasa kule kijiweni kama kasoro bado ipo, kama tulivyokubaliana. Nanyi wengine nyamazeni, asikohoe mtu.

Hiyo si treni, ndugu zangu, reli haipiti kwenye viti vya wazee. Hiyo inalia ndani ya koti la kijivu, na koti ni la mdogo wetu Kashindye, na jina lake liliandikwa katika karatasi hii tangu jana, kwa sababu shangazi alimkuta nyuma ya banda la kuku, miwani puani, anatafuta herufi B ya "Bado ipo" kwa kidole kimoja na machozi yanaangukia kioo. Usiikalie, Kashindye, italia zaidi. Simama watu wakuone. Julieth ameshajua, amesema simu ubaki nayo, na Mustafa atawaandikia wale watu kwamba taarifa ile ina mwenyewe, isifungwe mpaka mtoto wetu arudishwe kwao. Lakini umeulizwa, na swali lina utaratibu wake, kwa hiyo andika Tabora hapo mbele yetu, hifadhi, fungua tena, kisha uwajibu, kwa vidole vile vile ulivyoapa kuvivunja, na utusomee kwa sauti ulichoandika ili na wa nyuma wasikie.

Zablon, tulia sasa, lala kwa amani, baba yako mdogo amesimama, na simu anayo mkononi.