Barua Niliyosema Nimeisoma

Ilikuwa mwaka 1954, majira ya masika, nami nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mitano. Naanza na mwaka na majira, ndugu zangu, kwa sababu Bwana aliniokoa katika siku zinazohesabika, na kila moja nimeiandika. Sifa zote zimrudie Yeye aliyenifikisha mbele yenu leo.

Mume wangu Yakobo, fundi wa karakana ya reli pale Gerezani, alifariki Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1953. Aliniachia mabinti wawili na nyumba ya vyumba sita katika Kariakoo, ya miti na udongo, paa lake la madebe yaliyokunjuliwa na kupigiliwa kwa mkono wake mwenyewe. Sisi tulikuwa Wanyamwezi wa Tabora, tulioteremka kwa treni mwaka 1941. Kariakoo ya siku zile ilikuwa na mitaa ya mchanga, na alfajiri king'ora cha karakana kilitosha kuwaamsha watu wote bila saa ya ukutani. Wauza kahawa walipita wakigonganisha vikombe, na mimi nilikwenda sokoni na kapu langu la kunde na choroko, nikakaa chini ya lile paa kuukuu la bati. Nikifumba macho hata sasa, nasikia mvua ikilipiga.

Ndugu zangu, lazima niwaambie jinsi nilivyokuwa. Nilikuwa mwanamke mwenye kiburi. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini, katika darasa la ubatizo, na mwaka 1951 nikawa mwanamke wa kwanza katika usharika wetu kusoma somo la Jumapili mbele ya watu. Tangu siku ile nilitembea kama mtu aliyevikwa nishani. Majirani waliniletea barua zao za Kiswahili, nami nikawasomea polepole, nikiinua sauti ili hata wapita njia wasikie. Kiingereza nilikijua kidogo, cha salamu na majina ya vitu. Lakini sikumwambia mtu kwamba ni kidogo.

Jumanne, tarehe 6 Aprili 1954, ilikuja barua ya serikali kuhusu kiwanja cha marehemu, imeandikwa kwa Kiingereza. Shemeji yangu Lukas, mdogo wake Yakobo, alikuwa amewasili kutoka Tabora na wazee wawili wa ukoo kwa ajili ya shughuli za msiba. Aliichukua barua ile, akampelekea mwandishi wa barua aliyekuwa akikaa na meza yake barabarani karibu na posta. Aliporudi, alituketisha sote barazani, akasema barua inaeleza kwamba nyumba inarudi kwa ndugu za marehemu. Mjane angekaa mwaka wake wa maombolezo, na baada ya mavuno ya mwaka unaofuata angerudi Tabora pamoja na watoto, nyumba iuzwe.

Kisha mzee mmoja alinigeukia. Alisema anasikia kwamba mimi ni msomaji hata kanisani, basi niisome mwenyewe, nithibitishe. Shemeji akanipa karatasi. Niliitazama kutoka juu hadi chini. Nilitambua jina la mume wangu na neno linalomaanisha nyumba, na zaidi ya hapo sikuona kitu. Watu kumi na mmoja walikuwa wakinitazama.

Nikasema, "Nimeisoma. Ni kama alivyosema shemeji."

Ndugu zangu, kwa maneno hayo niliwatoa wanangu nje ya nyumba ya baba yao. Wala hakuna aliyenilazimisha.

Shemeji na wazee waliondoka kwa treni, na barua wakaniachia, kwa kuwa mimi ndiye msomaji. Niliifungia sandukuni. Kumpa mtu mwingine aisome ingekuwa kukiri kwamba nilidanganya mbele ya wazee. Nikawaza nitajifunza Kiingereza mimi mwenyewe, niisome peke yangu, asijue mtu. Hata wokovu wangu nilitaka niupate kwa siri!

Wakati huo, katika shule moja karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja, palikuwa na darasa la watu wazima kila Jumatatu na Alhamisi saa kumi na nusu alasiri. Mwalimu Mbaruku, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, alifundisha kusoma na kuelewa Kiingereza. Wanafunzi walikuwa makarani na waganga wasaidizi waliosomea digrii kwa njia ya posta. Masomo yao yalitoka Ulaya kwa meli, na wengi walikuwa wakikwama palepale, kwenye kuelewa walichokisoma. Nilimwomba Mwalimu nikae nyuma. Hakuniuliza nataka digrii gani. Alinionyesha kiti tu.

Sasa sikilizeni kosa langu. Mimi nilifundishwa kusoma kwa katekisimu: swali, jibu, yote kwa moyo. Kwangu kusoma kulikuwa kukariri. Kila kifungu alichotupa Mwalimu nilikipeleka sokoni, nikakirudia katikati ya wateja mpaka kikakaa kichwani chote. Nilifanya hivyo miezi mitano, nami nikajiona nimeshinda makarani.

Alhamisi moja mwezi Oktoba tulikuwa na kifungu cha mkulima mmoja na ng'ombe wake. Mwalimu aliniuliza kwa nini mkulima yule aliuza ng'ombe. Nilisimama, nikashusha mikono, nikakitoa kifungu kizima kwa Kiingereza, kutoka neno la kwanza hadi la mwisho. Nilipomaliza, nilingoja nisifiwe.

Mwalimu alisema taratibu, "Mama Debora, hukukosa hata neno. Lakini mimi nimeuliza jambo moja tu. Kwa nini aliuza?"

Sikujua. Kwa kweli sikuwa najua hata kama ng'ombe aliuzwa.

Mbele yangu alikaa Bwana Nassoro, karani wa forodhani, Mzaramo, na kwa hiyo mtani wangu. Aligeuka, akanipima kwa macho.

"Mtani, babu zenu walibeba mizigo ya watu kutoka Tabora hadi pwani, wala hawakujua ndani mna nini. Naona wewe kazi hiyo hujaiacha."

Darasa zima lilicheka. Utani haukasirikiwi, hiyo ndiyo sheria yake, nami nikamjibu kwamba afadhali sisi tuliobeba kuliko wao waliokaa pwani wakingoja ngoma ianze. Wakacheka tena. Lakini nilipofika nyumbani nilijifungia chumbani, nikalia kama siku ya kumzika Yakobo. Mtani alikuwa amenipiga palepale penye kidonda. Nilikuwa nimebeba barua ile vilevile, sijui ndani mna nini, na mzigo wenyewe ulikuwa nyumba ya watoto wangu.

Nilipiga magoti. Kwa mara ya kwanza tangu nifiwe sikumwomba Bwana anipe akili. Nilimwambia, "Baba, sijui kusoma." Maneno matatu! Mbele yake tu, lakini yalikuwa mazito kuliko gunia la kunde.

Alhamisi ile iliyofuata nilibaki baada ya wenzangu kutoka, nikamwambia Mwalimu Mbaruku hivyo hivyo. Alifurahi, ndugu zangu. Nilitazamia anifukuze, naye alifurahi. Alinifundisha njia yake. Soma mpaka mwisho kabla hujashtuka. Funga kitabu. Mweleze jirani yako kwa Kiswahili, kama unavyoeleza habari sokoni: ni nani, amefanya nini, lini, kwa sababu gani. Usipoweza kueleza, hujasoma; rudi. Na jibu litoke kwenye karatasi, lisitoke kwenye hofu yako.

Jirani yangu sokoni alikuwa muuza nazi ambaye hakujua herufi hata moja. Kwa miezi saba alisikia kutoka kwangu habari za wakulima wa Ulaya, madaraja, na mfalme mmoja aliyepoteza meli. Alinibana kwa maswali kuliko mwalimu yeyote. Jumatatu na Alhamisi zile nazitamani hata leo: vumbi la chaki kwenye mwanga wa jioni, Bwana Nassoro akinikopesha kamusi yake huku akinisimanga, na sisi watu wazima tuliobanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu.

Jumamosi, tarehe 21 Mei 1955, alasiri, nilifungua sanduku. Nilisoma barua mpaka mwisho. Niliifunga. Nikajieleza kwa Kiswahili, kwa sauti, peke yangu chumbani. Kisha nikarudi kuisoma mara mbili zaidi, kwa kuwa sikuamini.

Barua haikusema nyumba inarudi kwa ndugu. Iliuliza kama marehemu aliacha mke au watoto. Ilisema mke anayedai haki afike mwenyewe ofisini kabla ya tarehe 30 Juni 1955, na cheti cha ndoa na shahidi mmoja wa ukoo wa marehemu. Ila kama hakuna atakayefika, ndipo ndugu za marehemu wangefikiriwa.

Zilibaki siku arobaini! Lakini shahidi wa ukoo ndiye yuleyule niliyemwambia nimeisoma.

Kesho yake, Jumapili, nilisimama kanisani baada ya ibada nikaungama uongo wangu wote mbele ya watu walionisikia nikisoma masomo. Kisha nikamwandikia Lukas. Sikumlaumu. Nilimwandikia kwamba siku ile barazani nilidanganya, na sasa nimeisoma kweli, na maneno yake ni haya. Nikayanakili yote kwa Kiswahili. Nilijua angeweza kuichana barua yangu na kuketi kimya mpaka Julai.

Alifika tarehe 11 Juni. Alikuja moja kwa moja mpaka barazani, hakutaka hata maji.

"Shemeji," alisema, "yule mwandishi hakuisoma. Aliitupia jicho tu, akaniambia mambo haya huenda kwa ndugu siku zote. Nami nikaitikia, niliona haya kumwambia arudie. Nilipokupa wewe uithibitishe, nilikuwa naomba unikatalie."

Tulitazamana, watu wawili wazima. Kisha yeye akaanza kucheka, nami nikacheka, tukafuta machozi.

Jumanne, tarehe 14 Juni, tulikwenda ofisini pamoja, naye akatoa ushahidi wake akiwa amesimama wima.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu kwa Mwalimu, kwa mtani, na kwa shemeji aliyerudi. Kama nawe una jambo ulilosema umelielewa hali hulielewi, ukaogopa macho ya watu, mwambie Bwana leo maneno yale matatu. Hakunicheka. Hatakucheka wewe.

Uamuzi ulitolewa Ijumaa, tarehe 29 Julai 1955. Karani aliweka hati mezani, akanisogezea kidau cha wino, akashika mkono wangu ili achovye dole gumba, kama alivyowafanyia wajane wote waliotangulia. Nikamwomba aniachie mkono, nikamwomba na dakika chache. Foleni ilikuwa ndefu na watu walinung'unika nyuma yangu. Niliisoma hati mpaka mwisho. Nilimgeukia Lukas, nikamweleza kwa Kiswahili: nyumba ni ya mjane wa Yakobo, na baada yake ni ya binti zake. Kisha nikaomba kalamu.