Sleyum wa Hail, Aliyepitishwa Mlango wa Jikoni

Wasikilizaji wapendwa, popote redio hii inapowakuta, karibuni. Mimi ni Rawya. Leo tunamkumbuka Sleyum, mwimbaji wa hevi metali, ule muziki wa magitaa ya kelele, mtoto wa mtaa wa Hail, hapa Maskati. Sleyum amefariki. Moyo ulimsimama akiwa nyumbani kwa mama yake. Nawaomba radhi mapema: nina majonzi, lakini zaidi nina kinyaa.

Sleyum alizaliwa Hail, kwa wazazi waliotoka Unguja. Katika gereji ya nyumbani alibandika magodoro ukutani, akaanza kuunguruma. Ndiyo, kuunguruma. Hevi metali haiimbwi kwa kubembeleza. Mama yake, Bi Balqis, anakumbuka: "Siku ya kwanza nlidhani mtu kabanwa na gari. Nkaenda mbio, ungo mkononi. Namkuta mwanangu, jasho tele, anacheka. Nkamwambia, weye, koo litakutoka!"

Koo halikumtoka. Lilimpeleka Dubai, likampeleka Hamburg, Ujerumani. Aliimba kwa Kiarabu na Kiswahili, mbele ya vijana wasioelewa hata neno moja, na bado walilia. Huko Hamburg mtangazaji akamuuliza kama ana mke. Sleyum akajibu, "Sina, wala sitakuwa naye. Mimi napenda wanaume." Alisema mbele ya kamera, kwa jina lake kamili, bila kuficha uso.

Kaka yake, Hamood, akamkana. Waliojivunia kupiga naye picha wakazifuta. Simu yake ikajaa matusi. "Khanithi" ndilo tusi lililokuwa la adabu kuliko yote.

Angeweza kubaki Hamburg. Lakini Bi Balqis alipatwa na kiharusi, akapooza mkono mmoja na asiweze tena kusema. Sleyum akarudi. Alijua maneno yake yale ya Hamburg yangeweza kumfikisha jela huku. Akarudi hivyo hivyo. Nabirye, dada wa Uganda anayefanya kazi nyumbani hapo, alimwona akifika: "Bwana Hamood alimwambia, mlango wa mbele wanapita watu wa heshima, wewe pitia jikoni. Sleyum hakubishana. Alichukua begi, akazunguka nyumba. Aliniuliza kitu kimoja tu: mama yuko wapi?"

Alimlisha mama yake uji kwa kijiko. Alimnyoosha vidole vilivyopooza. Alimfundisha kusema upya, pumzi kwa pumzi, kama waimbaji wanavyofundishana. Bi Balqis anaongea leo kwa sababu ya Sleyum. Hamood, katika nyumba hiyo hiyo, hakuwahi kushika kijiko.

Asubuhi moja Nabirye aliingia na chai. Sleyum alikuwa kwenye kiti, kando ya kitanda cha mama yake. Alikuwa amekwisha kata roho.

Sasa nisikilizeni. Matangani, Hamood alisimama mbele ya wageni, kanzu imenyooka, akatangaza kwamba ndugu yake alitubu. Eti muziki aliuacha. Eti alikuwa anatafuta mchumba. Na wale wale waliomtukana wakaitikia kwa vichwa, huku wakitafuna halwa, wakasema alikuwa kijana mwema. Nilikuwepo, upande wa wanawake. Tonge la halwa lililokuwa mdomoni nikalitema kwenye kitambaa. Walimchukia aliyekuwa hai, kisha wakajitungia maiti wa kumpenda.

Bi Balqis akamwambia Nabirye, "Nsukume." Kiti chake cha magurudumu kikavuka hadi kwa wanaume. Akasema taratibu, neno baada ya neno:

"Hamood, usimzulie maiti. Mwanangu hajatubu. Miye ndiye nliyekuwa naye chumbani, nnajua. Akiniimbia zile kelele zake, nami nkizipenda."

"Mama, si mbele ya watu," Hamood akamwomba.

"Mbele ya watu ndipo ulipomzulia. Anayemtaka, na amtake alivyokuwa. Asiyemtaka, aende kwake."

Wengine waliondoka, hata kahawa yao hawakuimaliza. Wachache walibaki, wakamwombea dua Sleyum kwa jina lake.

Bi Balqis, tunakupa pole, na Mungu akupe subira. Nabirye, pole na wewe, umefiwa pia. Hamood, pole. Kwako sina zaidi.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kabla hamjamwandikia marehemu yeyote maneno matamu, fungueni simu zenu. Tafuteni ujumbe wa mwisho mliomtumia akiwa hai. Usomeni. Ukikuta ni tusi, basi rambirambi yako kaa nayo.